Ombi la Ijumaa

Jumanne, 3 Mei 2022
Sikukuu ya pili ya Idi. Wageni tele, mimi jikoni na vikombe vya kahawa. Televisheni ya Bi Mahbuba, mzee ninayemtunza hapa ughaibuni, Azaiba, inasema rasimu ya uamuzi wa majaji wakuu wa Marekani imevuja. Wanataka kuifuta haki ya mwanamke kuamua juu ya mimba. Ivy wangu anasoma Houston, Texas. Nilifunga bomba nisikie vizuri.

Jumamosi, 4 Juni
Ivy kapiga simu. Alikuwa na mimba. Ameitoa jimbo la jirani — rafiki alimpeleka na gari. Sikubali alichofanya. Lakini ni mwanangu, na ameniambia mimi tu. Texas hata mtu baki anaweza kumshtaki aliyesaidia. Anamhofia rafiki yake.

Bi Mahbuba aliniona macho mekundu.

"Nna mabinti wanne," alisema. "Ya mtoto wa kike hayatoki mlangoni, mwanangu."

Ijumaa, 10 Juni
Ibada kanisani, huku tunasali Ijumaa. Ulipofika wakati wa maombi nikasimama, sikuweza kujizuia. Mwombeeni Ivy, ametoka kliniki. Na rafiki aliyempeleka. Jambo lenyewe sikulitaja!

Truphena, kiongozi wa maombi, akapaza sauti: Bwana, osha damu isiyo na hatia. Wote amina. Kumbe walishaelewa.

Jioni Truphena kaandika kwenye grupu ya kanisa: tufunge kwa ajili ya Ivy na rafiki yake. Dada yake Truphena anasali kanisa moja na Ivy huko Houston.

Jumapili, 19 Juni
Usingizi hauji. Nikifumba macho nawasikia wakimwombea Ivy kwa jina, na wanazidi kuwa wengi. Nilimsihi Truphena afute ujumbe. Amefuta. Anasema dada yake keshaupata, na mbele za Mungu hakuna faragha.

Ijumaa, 24 Juni
Majaji wameamua. Haki imefutwa. Jaji mmoja anataka na haki nyingine za faragha ziangaliwe upya. Grupu yote ni haleluya. Nataka kuwakasirikia majaji — kwa uso gani? Mimi niliwatangulia.

Ivy amepiga sasa hivi. Sauti ndogo. Mama mmoja wa kanisani kwao kamtafuta leo, mpole kabisa, ati wanamwombea. Anauliza rafiki yake anaitwa nani, wamtaje katika maombi.

"Mum, nani alimwambia kuna rafiki?"

Nimesema nitampigia, Bi Mahbuba ananiita.

Bi Mahbuba amelala. Simu inaita tena.