Karavani Isiyo na Ukuta

La Rochelle, Johannesburg

Dada yangu Eliwaza,

Shikamoo dada. Nakuamkia nikiwa mzima wa mwili. Habari za moyo utazisoma huko chini. Goti lako linasemaje siku hizi? Unalichua kwa yale mafuta niliyokutumia, au umeshayagawa kwa majirani kama ulivyofanya mwaka juzi? Na machungwa ya shamba la bondeni, wanunuzi wamekuja au yanaozea chini ya miti? Shemeji je? Mwambie nimemwota amevaa ile suti niliyomshonea na imembana tumboni, maana yake dada yangu unampikia vizuri.

Sisi huku wote tuko salama. Wajukuu wako wanarefuka kama mahindi ya masika. Neema ana miaka tisa na amekuwa wa kwanza darasani, si mara moja wala mara mbili. Joshua ana mitano, anaongea Kizulu na watoto wa jirani, Kiingereza na mama yake, na mimi nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa kutikisa kichwa. Lakini anaelewa! Mwambie "njoo ule" uone kama haelewi.

Barua hii nimempa mama mmoja wa kanisani anayekuja huko kwa basi. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Simu yako wanaishika watoto, sauti wanaiweka juu, na neno nililolisema asubuhi jioni ukoo mzima unalo. Upendo naye yumo kwenye kikundi cha ukoo. Haya ya leo ni yangu na yako, watoto wa tumbo moja.

Ile picha niliyowatumia, niliyosimama mbele ya kibanda cheupe chenye magurudumu huku nimeweka mkono juu yake kama mtu aliyeshika ng'ombe wake mnadani, ni kweli. Sikudanganya. Hiyo ndiyo karavani: nyumba ndogo inayovutwa na gari, ndani ina vitanda, jiko, hata sinki. Mwanangu Upendo ndiye aliyeinunua. Katika wanawake wote wa kwetu waliopo huku, nionyeshe mwingine ambaye binti yake amenunua nyumba inayotembea! Na Upendo si mtu wa kubahatisha, unamjua. Yuko ofisini kwake Braamfontein, chuo kikuu kile kikubwa, jina lake limebandikwa mlangoni, na wahadhiri wenye miwani wanambishia hodi wakitaka karatasi zao. Mimi niliyeishia darasa la saba, ndiye niliyemzaa huyo.

Aliniambia jikoni, mikono yake imejaa unga: "Mama, tangu nina miaka saba nakuona umeinamia cherehani. Hujawahi kupumzika hata siku moja. Desemba hii tunakwenda baharini, kule Natal, siku sita. Karavani ni yako. Sisi tunakusindikiza tu."

Dada, nililia. Kisha nikaosha uso nikaenda kanisani kuwatangazia akina mama wote. Laiti ningenyamaza.

Jumamosi tukaenda kuichagua, sote watano: mimi, Upendo, watoto, na mkwe wangu Baba Neema, yule Mkongo wa Likasi uliyemwona kwenye video ya harusi. Unajua ninavyomheshimu, naye anavyoniheshimu. Hajawahi kula mbele yangu. Mimi sijawahi kulitaja jina lake. Nina chumba changu uani, na mlango wangu, na cherehani yangu. Yeye na mkewe wana nyumba yao ya mbele. Miaka kumi hatujalala chini ya bati moja hata siku moja, na nilidhani mambo hayo hayahitaji kusemwa, kama vile mtu hasemi kwamba chumvi inatiwa kwenye mchuzi.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja Kaburu, kaptura fupi, soksi mpaka magotini, mpole sana. Alinipa kiti nikiwa bado sijashuka vizuri garini. Akatuonyesha ya kwanza, ndefu, na ndani yake, dada, mna chumba kidogo chenye ukuta na mlango wa kufunga! Nikaingia nikaufunga, nikaufungua, nikaufunga tena. Nikasema, "Hii hii. Mungu ameshachagua, twendeni nyumbani."

Yule mzee akaenda akalitazama gari letu, akatikisa kichwa. Akasema gari hili likiivuta karavani ile, kwenye mlima wa kwanza injini itatoa moshi. Akamwomba mkwe leseni yake, akaigeuza, akairudisha. Leseni ile ni ya kuvuta trela dogo tu. Kubwa lina mtihani wake, na kwa mtihani kabla ya Desemba nafasi hakuna. Nikauliza, "Hakuna ndogo yenye ukuta?" Akacheka, kwa upole lakini akacheka. "Mama, ukuta ni uzito."

Basi akatupeleka kwenye ndogo. Niseme kweli, ni nzuri. Nyeupe, safi, makabati yanafunga yenyewe, meza inashushwa inakuwa kitanda. Upendo aliingia akang'ara kama bibi harusi. Akanionyesha: "Hapa mbele tunalala mimi na Baba Neema. Watoto juu, kwenye vile vitanda vya kupandana. Na wewe, Mama, hapa kwenye meza, karibu na dirisha."

Nikatoa futi yangu ya ushonaji, ninayo shingoni hata nikienda sokoni. Kutoka mto wangu mpaka mto wa mkwe wangu: sentimita themanini. Gauni la Neema ni refu kuliko hapo.

"Mama, lala basi tuone kama unaenea," Upendo akaniambia. "Baba Neema, njoo, nawe ulale upande wako."

Mkwe alikuwa ameshaweka mguu mlangoni. Aliposikia hivyo alirudi nyuma kwa haraka mpaka akagonga kichwa kwenye fremu. "Naangalia matairi kwanza," akasema. Mimi nikatoka kumpisha aingie. Alipoingia, nikabaki nje. Niliporudi, akatoka.

"Nyie vipi?" Upendo akauliza. "Mbona mnapishana kama walinzi wanabadilishana zamu?"

"Matairi," akasema mkwe.

Aliyakagua matairi mara nne, dada. Na karavani yenyewe ina mawili tu.

Niliona jicho lake siku ile. Alikuwa anajua ninachokijua. Lakini nani aanze? Mama mkwe aseme habari za vitanda na mkwe wake? Mkwe aseme na mama mkwe? Tulisimama kila mmoja upande wake wa karavani, yeye anatazama tairi, mimi natazama mbingu, na mtoto wangu ndani anacheka peke yake kwa furaha, anafungua makabati. Upendo akaniita nipigwe picha. Nikaweka mkono, nikacheka. Ndiyo hiyo mliyoipongeza wote.

Wiki ile nilijaribu kumwambia Upendo. Nilimkumbusha mama yetu alivyokuwa akizunguka nyuma ya nyumba kila shemeji alipokuja kukutembelea, hata mvua ikinyesha, asije akakutana naye uso kwa uso mlangoni.

"Eish, Mama," akasema. "Huyu ni mtu wa nyumbani. Tangu lini unamwogopa?"

"Simwogopi. Namheshimu."

"Basi mheshimu ukiwa umelala."

Nitamlaumu vipi? Amekulia huku, wenzake wanalala sebuleni na wazazi wa waume zao, wanaangalia mpira. Mimi ndiye niliyemleta. Nilimfundisha kushona, kusali na kusoma kwa bidii. Hili sikumfundisha, maana kwetu hakuna aliyefundishwa. Tuliliona tu kwa mama zetu.

Baada ya siku mbili mkwe akaja kwenye chumba changu cha kushonea. Hakuingia. Alisimama mlangoni amenipa mgongo, anatazama barabara, kana kwamba anaongea na magari.

"Mama," akasema, "kwetu Likasi mutu hawezi kulala nyumba moja na mama mukwe. Miye nitanunua hema. Nitalala inje. Haina matata."

Nilimbariki mgongoni pale pale, dada. Nilimwita mwanangu. Nikashona siku nzima ninaimba.

Kumbe nilikuwa naimbia msiba. Upendo alipoliona hema alilitupa sakafuni. Alikuja chumbani kwangu analia, na unajua Upendo si mtu wa kulia.

"Mama, unajua mume wangu analala wapi?" akaniuliza. "Halali! Mwaka mzima yuko kwenye geti la ghala la watu, usiku, baridi, kiti cha plastiki. Anarudi mimi naondoka. Tunaonana mlangoni. Nimehangaika kupata siku sita. Siku sita tu za kulala na mume wangu ndani, kama watu. Na hizo nazo alale nje?"

Nikasema, "Basi hemani nilale mimi."

"Mama yangu alale chini, mimi nilale kitandani? Na picha ziende nyumbani? Mama mkubwa ataniona mtu wa namna gani?" Mama mkubwa ndiye wewe.

"Basi nendeni nyinyi. Mimi mgongo unaniuma."

Kesho yake alichukua ruhusa kazini akanipeleka kwa daktari. Daktari akanigonga huku, akanigonga kule, akasema nina mgongo wa msichana. Siku nyingine ningejisifu kwa hilo mtaa mzima. Siku ile nilitamani anipe hata ugonjwa mdogo.

Nikamwambia Upendo ukweli, kwamba siwezi. Akasema taratibu kabisa, "Sawa Mama. Usipokwenda, hatuendi. Nitairudisha kwa yule mzee." Neema alikuwa mlangoni anasikia. Hakulia. Alikwenda akatoa nguo zake za kuogelea kwenye begi, moja moja, akazirudisha kabatini. Nikamwita, "Neema, rudisha nguo kwenye begi. Bibi anakwenda."

Ndivyo nilivyokubali. Mtoto wangu ana haki, mkwe wangu ana haki, na mimi pia nina haki. Nimeligeuza jambo hili kama kitambaa kisichotosha. Ukivuta mkono, kifua kinabaki wazi.

Nikafanya ninachokijua. Nilinunua kitambaa kizito cha makoti ya baridi, cheusi, nikakishona pande mbili, katikati nikatia blanketi. Pazia hilo ukilitundika hata jua halipenyi. Jana alasiri mkwe akafunga fimbo ya kulitundikia. Nilimpa pazia kupitia dirishani, nikasubiri nje mpaka amalize. Upendo alikuwa kazini, watoto walikuwa uani wanacheza.

Akalivuta, kisha akaniita. Ni mara ya kwanza yeye kuniita niingie mahali alipo. Niliingia kwa mlango, nikakaa upande wangu, kwenye ile meza iliyoshushwa. Yeye alikuwa upande wa pili. Giza zuri, kitambaa kizuri, mshono umenyooka. Nilijivuna kidogo, siwezi kukuficha.

"Mama, munaniona?" akauliza.

"Sikuoni, baba."

Tukakaa. Nikasikia anahema. Nikasikia mkono wake unagusa godoro, na shati lake linavyosuguana na ukuta. Niliona kama kichwa changu kiko karibu na kichwa chake kuliko nilivyo karibu na sindano nikishona. Na nilijua kwamba kama mimi namsikia yeye, na yeye ananisikia mimi, na Jumamosi mke wake atakuwa pale pale alipo.

"Munanisikia?" akauliza, kwa sauti ndogo sana.

Sikuweza kusema uongo, dada. Wala sikuweza kusema kweli. Nilikaa kimya, naye akakaa kimya, tukawa kila mmoja anajizuia kuhema, mpaka Joshua akaja akagonga bati kwa jiwe.

Tunaondoka Jumamosi. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshakwenda na nimesharudi, kwa hiyo sikuombi msaada, msaada umeshachelewa. Nakuomba jibu tu, nijue. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye uliyemwona mama akizunguka nyuma ya nyumba kwenye mvua. Ungekuwa wewe, ungelala wapi?

Nisalimie shemeji kwa heshima zote. Msalimie mjomba Yakobo, baba yetu aliyebaki, na umwambie miwani yake inakuja na barua hii, imefungwa ndani ya soksi. Wifi Agnesi, mke wa marehemu kaka, mpe kipande cha kitenge nilichokitia pamoja na barua hii, chote, usikikate. Mwali wetu Tabitha mwambie bibi yake mdogo anamshonea gauni la kipaimara. Mtoto wa jirani anayekusomea barua, hii usimpe aisome. Vaa miwani yako mwenyewe, pole pole, utaimaliza.

Ni mimi mdogo wako unayenijua kwa kelele, na leo nimekosa sauti,

Rehema, Mama Upendo