Mstari wa Sitini na Moja

Fundi Ouma, mzee wangu,

Kwanza nikupe habari ya bahati yangu, maana ulikuwa ukisema mdomo wangu ni injini isiyo na breki. Ijumaa ile, kabla kabati la kuongoza mitambo halijapoteza akili, mimi nilikuwa nimeshatoka kiwandani zamani. Saa kumi kamili niko baa kule Kabalagala, mguu juu ya mguu, nawafundisha watu njia za Nairobi. Sikuligusa. Mwenye bahati kama yangu hapa Luzira hajazaliwa. Na sasa nimekalia kiti chako. Wananiita mkuu wa mitambo, mimi niliyekimbia hesabu za darasa la sita.

Kiti chenyewe kinaniumiza mgongo. Sijui ulikikaliaje.

Mama Achieng' ameniandikia kutoka Kisumu. Anasema kaka zako wanasimulia kwamba uliharibu mashine ya watu Uganda, ukajitafutia kifo mwenyewe, na watoto wanayasikia hayo wakiwa wanakula. Anauliza jambo moja tu: "Shemeji, wewe ulikuwa naye kila siku. Baba Achieng' alikosea?" Barua yake iko mfukoni mwangu wiki ya tatu sasa. Nimekuwa nikiishika kuliko ninavyoisoma.

Wewe uliondoka kabla hujajua mwisho wa mambo, kwa hiyo nikueleze. Unakumbuka Jumamosi ile asubuhi: kizibo kinashuka kabla chupa haijafika, vioo vinaruka, soda inatiririka mpaka mlangoni. Kapteni, aliyepewa kiwanda Wahindi wenyewe walipofukuzwa nchini, alikuwa ameahidi kreti za sherehe ya kambini. Akauliza nani kahujumu. Ukamjibu, "Ni umeme, afande," na hukumtazama mtu yeyote. Labda ingeishia hapo. Lakini askari wake wakafungua droo yako, wakakuta daftari la namba tupu, kurasa na kurasa. Ukawaeleza kwamba ni maagizo ya mashine, unayanakili kila Ijumaa ili yasipotee. Nani akusikilize? Mkenya, na daftari la namba, basi jasusi! Walilibeba kama wamekamata bunduki. Gari likaja. Kwangu ulisema neno moja tu: "Profesa, usiguse kabati mpaka nirudi."

Ulirudi siku ya tisa, ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari. Mama Achieng' alipokuja kukuchukua aliomba aone mikono yako tu. Askari wakakataa.

Mashine ikasimama mwezi mzima, umeme umezimwa kabisa, vumbi juu yake. Kisha Kapteni akaniita, akasema, "Wewe ndiye mwanafunzi wake, ifanye iseme." Nami na mdomo wangu: "Kazi ndogo hiyo, afande."

Nikachomeka kisanduku cha kusomea kwenye kabati, kama ulivyonionyesha. Nilikusikia kabisa, mzee. Ulikuwa ukiniambia maagizo yamekaa kwenye vipete vya chuma vidogo kuliko punje ya ulezi, na hata umeme ukiondoka vyenyewe havisahau. Ila kuvisoma ndiyo hatari, kwa sababu kusoma kunafuta. Kabati linang'oa namba, linaitazama, halafu linairudisha mahali pake. Ulisema ni kama kumwinua mtoto aliyelala ujue kama shuka imelowa: lazima umlaze tena. Basi taa nyekundu ikiwaka, yaani namba bado haijarudishwa, mikono mfukoni. Mikono yangu niliitia mfukoni mpaka ikatoa jasho.

Namba zilikuja moja moja kwenye vitaa, nami naandika. Mstari wa kwanza upo. Wa kumi upo. Kila kitu kilikuwa palepale ulipokiweka, Fundi. Wewe uko ardhini na kazi yako bado inaitika ikiitwa. Nilipofika mstari wa sitini na moja, hakikuwaka kitaa hata kimoja. Nikakaa sakafuni.

Wa sitini unaleta chupa. Wa sitini na mbili unashusha kizibo. Katikati uliweka agizo la kungoja mpaka chupa ifike, ulikuwa ukiniimbia hilo hata tukila mihogo: ngoja, Profesa, ngoja chupa. Nikauandika upya. Chupa zikapita nzima, watu wakapiga makofi. Nikacheza kidogo, unanijua. Halafu nikaenda nyuma ya kreti, nikajificha.

Tangu siku hiyo nimechoka, mzee. Si uchovu wa kazi. Nalala, naamka nao. Wenzetu wakinywa chai wanasema yule Mkenya aliharibu, huyu kijana akatengeneza, nami ninacheka nao na kuomba sukari. Naijua mashine sasa. Mstari haujifuti wenyewe. Unafutika mtu akizima taa nyekundu ikiwa inawaka.

Jumamosi hii nitapanda basi mpaka Busia, nivuke, nifike nyumbani kwako Kisumu. Sitajibu kwa barua. Nitamjibu Mama Achieng' mbele ya kaka zako wote, na watoto wawepo. Wakinipiga, sawa. Nakuahidi, Fundi, na safari hii si maneno ya Kabalagala. Pumzika, fundi wangu uliyenivumilia.

Ile bahati ya mwanzo ni uongo. Sikuwa Kabalagala. Ijumaa ile ulinipa nisome kumbukumbu ya mashine mimi, nikaona inachelewa na vijana wananingoja nje. Taa nyekundu ikiwa inawaka, nikazima swichi, nikaondoka. Ulikuwa mlangoni, ukaniona. Nawe ukamwambia Kapteni ni umeme.

Ni mimi.

Profesa wako