Sauti Kwenye Spika za Uwanja

Wade, kaka, uko? Nimejifungia kwenye pikapu.

Unajua kocha Ruzicka huniwekea kelele za mashabiki kwenye spika, nizoee kupitisha mpira kati ya zile nguzo mbili huku nazomewa. Leo kaweka rekodi ya ile mechi niliyokosa mkwaju mwaka jana. Ile ile!

Wanazomea, wanazomea, halafu sauti moja: "Achana nao, Dusty! Kichwa chini, macho kwenye mpira, mwanangu!"

Wade, ni baba. BABA. Tulimzika mwezi wa tatu, na siku ile ya mechi sikumsikia kabisa.

Nikaganda. Kocha akafoka, "We vipi, kelele tu zinakutisha?"

Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena. Na tena.

Mpaka naondoka, mpira ulikuwa pale pale kwenye nyasi. Sijaupiga.