Ruksa au Tulizana

Kasanga,
3 Mei 1992

Mama Herieth mke wangu,

Habari za Kizwite na baridi yake? Binti yetu bado anakohoa? Mimi sijambo, afya ninayo, ila jua la huku ziwani limenibabua pua, ukiniona utanipita.

Sasa sikiliza. Tangu walipofunga ghala letu na kutuachisha kazi, huu ni mwaka wa tatu napakia maboti ya watu. Akiba yetu imetosha boti moja la tanga, na yanayouzwa hapa ni mawili. La kwanza linaitwa Ruksa, mali ya Baltazari. Ni jembamba, refu, limepakwa rangi ya bluu juzijuzi. Nimelipanda. Scola, linaruka! Tulitoka alfajiri, kabla ya saa sita mchana tuko Mpulungu, upande wa Zambia. La pili ni Tulizana, la Mzee Maximilian. Hilo ni pana kama kitanda cha wageni, lina kibanda cha mbao nyuma, na mwendo wake ni wa mama mjamzito.

Ulisema wewe na Herieth mtashuka huku siku nikipata chombo cha kutubeba sote, tufanye biashara pamoja. Basi siku imefika. Moyo wangu uko kwa Ruksa, ila nangoja neno lako.

Mumeo,
Baba Herieth

Kizwite, Sumbawanga,
19 Mei 1992

Baba Herieth,

Pole na pua. Sisi wazima. Mtoto kapona kikohozi, sasa anaumwa maswali tu: kila akila anauliza baba kala nini.

Umejaza ukurasa mzima habari za kuruka. Mimi siruki, nasafiri na mtoto na magunia ya maharage. Nieleze: Herieth atalala wapi? Jiko la mkaa nitaliweka wapi? Mvua ikija, maharage yatafunikwa na nini? Na mimi mwanamke katikati ya mabaharia, nikibanwa na haja nigeukie wapi? Usicheke, jibu.

Halafu hiyo rangi mpya ni ya nini? Nikienda Mwazye kununua maharage, gunia linalopendeza mno juu ndilo ninalolichoma bambo mpaka chini, nivute punje za tumboni nizione. Nawe tazama chini.

Nimechoka kuolewa kwa posta, nakwambia wazi. Wenzangu wanagombana na waume zao mezani, mimi nanunua stempu. Chagua litakalotubeba sote.

Mkeo,
Mama Herieth

Kasanga,
2 Juni 1992

Mama Herieth,

Nafurahi kikohozi kimekwisha. Mimi mzima, nakula, mwambie nimekula samaki wa ziwa, migebuka.

Maswali yako nimeyasoma nikicheka, unisamehe. Ni kweli Ruksa halina kibanda wala pa kuweka jiko. Lakini nimepiga hesabu zangu: nikienda safari za harakaharaka mwaka mmoja, nitajenga kibanda, ndipo mje. Mwaka mmoja tu, mama. Chini nimetazama, pakavu kabisa. Baltazari anasema kuna mtu wa Zambia analitolea macho, kwa hiyo nimempa neno. Kesho navuka kwenda Mpulungu na mzigo wa watu. Nikirudi, tarehe ishirini na tano, namlipa.

Usikasirike.

Mumeo,
Baba Herieth

Kasanga,
18 Juni 1992

Baba Herieth,

Hujambo huko Mpulungu? Usishangae, sijakosea kuandika mahali. Niko chumbani kwako, nimekaa kitandani kwako, na shati lako lenye tundu nimelishona. Mama Justina mwenye nyumba alitufungulia. Herieth mzima, ameungua pua kama wewe.

Ile barua ya mwaka mmoja niliisoma mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa nafunga mizigo. Tumeshuka na lori la chumvi.

Nilikwenda kwanza kwa Ruksa. Kweli ni zuri, sikatai. Nikatoa bambo langu nikachoma ubao wa chini, pale rangi ilipokuwa nene. Likazama kama kwenye papai. Nikachoma wa pili, vilevile. Baltazari akaruka: "We mama! Hili ni boti, si gunia!" Nikamwambia, "Ndiyo, baba, gunia ningekurudishia tu." Watu wote pale ufukweni wakacheka, yeye hakucheka.

Mzee Maximilian alipoona, akanyoosha kidole mwenyewe: "Njoo uchome na langu, binti yangu." Mbao ngumu kote. Ila mlingoti una ufa, akanionyesha kabla sijauona, na tanga limejaa viraka. Akatuzungusha. Ni la polepole, Yonas, nilihesabu miti yote ya ufukweni. Lakini nilisonga ugali ndani ya boti, na Herieth akalala kibandani mpaka tuliporudi.

Sijalipa chochote. Atakayeshika usukani ni wewe. Chumba cha Kizwite jirani yetu Otilia ananitunzia mpaka mwisho wa mwezi. Ukichukua Ruksa, hata ukibadilisha mbao, sisi tunarudi, na huo mwaka sitaungoja. Nakupenda, lakini nimechoka.

Barua hii naituma na boti la kesho asubuhi.

Mkeo,
Mama Herieth

Mpulungu,
23 Juni 1992

Mke wangu,

Sijambo, ila barua yako imenikalisha chini. Nimeisoma gatini, mizigo ikaningoja.

Nilikudanganya. Sikutazama chini. Niliogopa kukuta kitu, kwa sababu nililitaka lile boti. Siku ghala lilipofungwa nilitoka Kizwite kichwa chini, watu wakinipa pole kama mfiwa. Nikataka siku moja wasikie kwamba Yonas ana boti linalopita mengine yote. Nilikuwa nanunua boti la kuwaonyesha watu ambao hata hawaishi ziwani, na nyinyi niliwaacha ufukweni.

Baltazari nitamwendea mwenyewe nilirudishe neno langu, aibu hiyo si yako. Mwambie Mzee Maximilian nachukua Tulizana. Ufa wa mlingoti tutaufunga chuma.

Mwandikie Otilia akiachie chumba. Mimi usiniandikie tena. Keshokutwa nafika, ukae na maneno yako yote mdomoni.

Mumeo,
Baba Herieth