Maneno Aliyoyashika Mama

Mtaa wa Manika,
Kolwezi.
Tarehe 19 Septemba 1993

Mpendwa Yaya Muamba, kaka yangu mkubwa,

Kabla ya lolote, nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wifi yangu Mbombo. Mgongo wako unaendeleaje? Na Shekina, ameshaota meno, au bado anawauma kwa ufizi? Nawaza sana kuhusu mtoto yule ambaye sijamwona.

Sisi tunapumua. Siku hizi mtu akiulizwa hali hapa Kolwezi, jibu ni hilo tu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule dereva wa Kasumbalesa. Aliificha ndani ya soksi, ikalowa jasho, lakini nilisoma kila neno. Unasema watu waliofika huko Ndola wamekuambia kwamba Mama alirudi utotoni kabla hajafa, kwamba akili zilimtoka na daktari alihakikisha kwa kipimo. Unaniuliza kama ni kweli. Unasema kama ni kweli unamshukuru Mungu, kwa sababu basi hakujua ameachwa wapi. Yaya, weka chai yako chini, unisikilize.

Tangu kazi ya mgodini ianguke, mshahara umekuwa hadithi. Njaa ikatafutiwa mwenye kosa, na mwenye kosa tukawa sisi watu wa Kasai. Baba aliletwa hapa na kampuni akiwa kijana, akafanya kazi mpaka mapafu yakaisha, akazikwa hapa hapa, lakini vijana walikuja na mapanga na filimbi wakasema tunakalia nyumba za wenyewe. Dada yetu Tshibola, mumewe, batoto na Mama walitolewa na sufuria moja. Wakaenda kulala stesheni pamoja na umati wote, wakingoja treni ya Mwene-Ditu, huko Kasai. Mimi niliachwa kwa sababu ya bwana yangu Mukalay, mtu wa Lubudi, wa hapa hapa Katanga. Walisema, "Huyu ni wetu kwa ndoa," kama mtu anavyoonyesha mbuzi wake. Lakini walinionya kwamba nikionekana stesheni nitapandishwa na wenzangu.

Sasa hicho kipimo. Wewe ulikuwa umeshaondoka alipokuja daktari Henri, Mzungu mmoja mpole mwenye miwani. Alituambia huko kwao kuna maswali ya kumwuliza mzee ili kujua kama kumbukumbu yake inaharibika. Ila yalitungwa kwa Wazungu waliosoma. Yeye alitaka kujua kama yanafaa kwa wazee wetu wa kila kabila, waliosoma na wasiosoma. Si kazi mbaya, na mimi niliisifu. Waulizaji wake walikuwa wawili: Laure, muuguzi, mtoto wa Kasai kama sisi, na Mukalay wangu.

Mwaka jana Laure alimwuliza Mama nyumbani. Mama alijibu yote, na alipofikia swali la majira manne ya mwaka alimcheka. "Mwanangu, Mungu alitupa mvua na kiangazi. Hayo mengine mumeyaiba wapi?" Laure alirudi kwa daktari akiwa bado anacheka, na swali lile likafutwa.

Daktari alikuwa na desturi ya kuwarudia wazee wale wale baada ya muda, aone kama majibu yanasimama. Zamu ya kurudia ikaangukia ndani ya fujo hii. Laure alikuwa amekwisha kufukuzwa. Akabaki Mukalay peke yake, na wazee wa Kasai wote wako stesheni, juu ya maboksi.

Unamkumbuka Tata Kabamba, jirani yetu, yule mwenye ulimi? Mukalay alimwuliza, "Tata, hapa ni wapi?" Akajibu, "Uliza bale banatufukuza, bo njo beko na jibu," yaani wao ndio wanaojua. Akamwuliza nani anaongoza serikali. "Serikali gani? Ziko mbili, kila moja na waziri mkuu wake!" Kwenye karatasi ikawa sifuri, na tena sifuri. Nilipohadithiwa nilicheka.

Lakini ubaya ulikuwa unakuja. Kwenye treni za kwanza wazee kadhaa walishuka njiani kutafuta maji, wakapotelea porini. Basi waliosimamia safari wakaweka sharti: mzee asiye na akili timamu hapandi na jamaa zake, atangoja treni ya wagonjwa yenye muuguzi ndani. Na nani atamjua mwenye akili timamu? Wakasikia kwamba daktari ana kipimo. Kipimo ambacho chenyewe kilikuwa bado kinapimwa kikafanywa hakimu.

Wewe unajua Mama na mkwe wake. Tangu nilipoolewa hawakuwahi kutazamana usoni. Mukalay akiingia kwa mlango wa mbele, Mama anatoka kwa wa nyuma. Hawakula pamoja, hawakushikana mkono, na kama Mama ana neno naye ananiambia mimi, nami nampelekea, hata kama wanatenganishwa na pazia tu. Ndiyo heshima yetu, na kwa akina Mukalay ndiyo hiyo hiyo. Hapo hakuna Kasai wala Katanga. Sasa mtu huyo ndiye aliyepaswa kukaa mbele yake goti kwa goti, amwambie: nitazame, pokea karatasi hii kwa mkono wa kuume, ikunje, unirudishie.

Mama alijifunika kitenge uso mzima. Mukalay naye akageukia ukuta, akamtajia maneno matatu ya kukumbuka: jembe, ungo, ndizi. Baada ya muda akauliza ni yapi. Kimya. Tshibola alitaka kuyapokea ayafikishe, kama tulivyozoea, wasimamizi wa safari wakamwambia jamaa haruhusiwi kusaidia.

Mukalay alimwendea daktari akamweleza mambo ya ukwe, akaomba mtu mwingine aulize. Mtu mwingine hakuwepo. Na daktari akasema huyu akisaidiwa na yule asisaidiwe, kazi yote imeharibika. Maswali sawa, njia ile ile, kwa wote. Basi Mukalay akaandika alichokiona. Bwana yangu ni mtu wa rula, Yaya, hata chumvi anaisawazisha kwenye kijiko. Nilimpigia kelele: "Si ungeandika uongo! Karatasi ingekulilia?" Anasema alifikiri Mama akizuiwa asipande, tutampata sisi, atalala lopitali juu ya kitanda. Labda. Kuna siku namwamini, na kuna siku namwekea chakula bila kumtazama.

Treni ilipokuja, Tshibola alipandishwa na batoto akilia jina la Mama. Mama akabaki na wazee wengine katika lile hanga la zamani la kuwekea simenti, karibu na reli. Treni ya wagonjwa haikuja. Muuguzi naye hakuja. Mukalay alikwenda kuomba tupewe Mama, akarudishwa mlangoni: aliye ndani ya hanga haingii tena mjini. Kisha kuhara kukaingia humo.

Aliyenitoa woga ni Odile, dada yake Mukalay. Mungu amzidishie. Alinifunga kitambaa kama chake, akanishika mkono, na kwenye kizuizi akaanza kugomba kwa Kiluba chao, kwa sauti ya sokoni, mpaka vijana wakatupisha wapumzishe masikio yao.

Nilimkuta Mama juu ya gunia, amebaki macho tu. Aliniita kabla sijamfikia. "Mwadi, unakonda. Bwana yako hakulishe?" Aliuliza kama Tshibola ameshavuka Kamina. Aliuliza nani ameng'oa mlango wa nyumba yetu. Aliniambia katika hanga lile Baba alibeba simenti kabla hajashushwa mgodini. Alijua kwamba ni Jumapili, alikuwa amesikia kengele. Na treni ile nyingine, alijua haiji. "Batatuacha hapa mpaka tuishe," alisema. Mimi nililia, yeye hakulia.

Kisha akanivuta karibu. "Mukalay aliniuliza maneno. Mbele ya mkwe singefungua kinywa, hata kwa kufa. Lakini niliyashika. Umupelekee: jembe, ungo, ndizi. Umuambie asiwaze kama nilimudharau."

Nilirudi nyumbani, nikamtupia Mukalay maneno yale moja moja kama mawe. Alisimama wima. "Njo yenyewe," alisema. "Hata mupangilio." Akanyakua kalamu, akakimbia kumtafuta daktari aibadilishe ile karatasi. Daktari alikuwa ameondoka na gari la mwisho la wageni, na karatasi zake zote. Kesho yake tulipofika hanga, Mama alikuwa amefunikwa kitenge tena, safari hii na mikono ya watu.

Hakuna mwanamume wa kwetu aliyebaki wa kumbeba. Mukalay alivua viatu, akambeba yeye. Hakuwahi kumgusa kabla ya siku hiyo. Alitembea naye uso ameugeuzia pembeni, akijikwaa njia nzima, na hata kaburini alimlaza bila kumtazama. Kaburi liko nyuma ya reli. Tumesimika kipande cha bati chenye jina, na nimekizungushia mawe ili ukija ulione.

Basi hilo ndilo jibu langu, Yaya. Nilitaka kukuachia faraja yako. Barua ya kwanza niliandika kwamba ndiyo, akili zilimtoka, nikaichana, maana nilikuwa namwua mara ya pili. Kama kuna watu huko wanaosema Mama Tshiela alikufa hana akili, uwakatalie mbele ya macho yao. Alijua alipo. Alijua nani hayupo. Alijua kila kitu mpaka mwisho, na najua hilo litakuchoma, kwa sababu mimi linanichoma kila ninapowasha moto.

Msalimie sana wifi Mbombo, na umbusu Shekina kwa niaba yangu. Ukipata habari yoyote ya Tshibola kutoka Mwene-Ditu, uniandikie, hata mstari mmoja. Odile anawasalimu. Mukalay naye anakusalimu. Anauliza kama utazipokea salamu zake. Nimemwambia nitakuuliza.

Mungu aliyemwona Mama ndani ya lile hanga awaone na ninyi huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mwadi, mtoto wa Tshiela mwenye akili zake.