Sauti Kutoka Uyole

Uyole, 9 Aprili 2024

Mwanangu Faustina,

Hamjambo hapo Ipogolo? Mimi mzima, ila nyonga hainiruhusu kukaa kwenye basi, na masikio yamezidi kuziba. Simu hainifai tena. Nisipoona midomo ya mtu sipati neno. Ndiyo maana nimempa kondakta barua hii.

Linux uliyoniwekea Krismasi kando ya Windows inadai laptopu haina kadi ya waifai. Nikirudi Windows kadi ipo, ila video inaganda. Jumapili ya tarehe 21 ukoo unakaa kuamua kama nyumba ya marehemu mama yangu iuzwe. Baba yako mdogo Tadeo anataka kuuza. Mimi ndiye mkubwa wao, na miaka yote hii ya ugenini nimeivumilia kwa kujua chumba changu kipo. Nisaidie nifike kikaoni.

Baba yako mkubwa,
Kasian

Ipogolo, 12 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa,

Sisi wazima. Shangazi Rozalia anakusalimu: kamwene.

Nadhani unaanza na Windows kusoma vitabu vyako, kisha unaizima. Ukiizima hivyo haizimiki kabisa. Inalala na kadi mkononi, na draiva ya Linux, yaani programu ya kuiendesha kadi, inakuta kadi haiamki. Usibonyeze Shut down. Bonyeza Restart, halafu chagua Linux. Windows itaiachia.

Baba Mdogo Tadeo anacheka: "Kaka atatokea kwenye skrini kutusomea taarifa ya habari?" Mwonyeshe.

Mwanao,
Faustina

Uyole, 23 Aprili

Faustina mwanangu,

Natumaini mmeamka salama. Mimi nimelala usingizi ambao sijaupata tangu masika yaanze. Niliwaona nyote, hata birika jeusi la mama! Nilikuwa nimeandika hoja zangu, nikainamisha kichwa nikazisoma bila haraka: kwa nini nyumba isiuzwe. Nilipoinua macho, mlikuwa mmesimama, vichwa chini, Tadeo kofia mkononi. Sikutegemea kumwona Tadeo akiona haya. Kisha umeme ukakatika.

Pakeni chumba changu chokaa. Kiangazi nakuja, hata kwa kulala nyuma ya pikapu.

Baba yako mkubwa

Ipogolo, 30 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa,

Pole na nyonga. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Sauti yako haikufika. Waifai ilikubali, lakini maikrofoni nayo inataka draiva, na sikuiweka. Nilikupungia mkono kukuashiria, ukanipungia pia. Kisha ukainamisha kichwa, midomo ikawa inacheza, na unajua kwetu mkubwa ndiye anayefunga kikao kwa sala. Baba Mdogo akasema, "Kaka anatubariki. Simameni." Wakasimama. Nikasema hasikiki. Shangazi akanikata: "We mtoto, usiharibu sala ya mzee." Wakaitikia Amina, wakahesabu umekubali nyumba iuzwe.

Mnunuzi amekabidhiwa funguo jana. Birika nimelichukua mimi. Draiva ya maikrofoni iko kwenye flashi aliyonayo kondakta.

Nisamehe.
Mwanao,
Faustina

Uyole, 4 Mei

Faustina,

Marahaba, mwanangu. Huna kosa. Asiyesikia ndiye wa mwisho kujua kwamba yuko kimya.

Draiva imekubali. Nilizisoma hoja zote upya, nikajirekodi, nikamwita jirani yangu Tumpe asikilize. Akaniambia sauti inatoka safi kabisa. Nikamwona anauliza, "Babu, hii unamtumia nani?"

Nikarudi Windows kusoma kitabu. Nilipomaliza, nilibonyeza Shut down. Acha ilale na kadi yake mkononi.

Birika ulitumie; usilisugue masizi.

Baba yako mkubwa