Majani ya Kirungu na Figo za Papa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kreatinini ya Papa, baba yangu: 3.1! Uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa umejaa kwenye damu. Daktari anasema zimeshtuka ghafla, zinaweza kupona. Mchawi ni diklo — vidonge vya goti anavyomeza kama karanga tangu astaafu reli. Nimevitupa chooni mbele yake. Amenuna. Anune tu.

Jumanne, 3 Juni
Papa kauliza mbona panya wangu wa maabara wanapewa majani ya dawa kutoka Kirungu na yeye hapana. Nikamweleza. Majani yanapunguza uvimbe, ndiyo. Panya waliyanywa kwanza, ndipo tukawachoma dawa ya kuumiza figo. Sasa tunangoja damu yao. Lakini panya si Papa! Dozi ya mtu hakuna aijuaye. Akasema sawa. Alikubali haraka mno.

Ijumaa, 6 Juni
Nimepima majani yanayokauka jikoni kwetu (maabara ina unyevu wa ziwa). Gramu ishirini hazipo! Nikamshutumu Télesphore, mwenzangu wa kazi, maana jana alikuja kuchukua fungu. Kaapa kwa kaburi la mama yake. Hanisalimii.

Jumatatu, 9 Juni
Umeme wa bwawa la Bendera ulikatika, ukarudi saa saba. Ikafaa kungoja! Panya waliokunywa majani: kreatinini nusu ya wenzao wasioyanywa. Figo hazikuvimba. Télesphore akasahau kuninunia, tukarukaruka kama watoto.

Jumatano, 11 Juni
Kreatinini ya Papa imeshuka: 1.6! Nimelia kwenye korido, watu wakinitazama.

Nikakimbia nyumbani kumwambia. Yuko jikoni na birika. Harufu ile — miezi minane naivuta, naijua. Mwizi wangu!

"Hélène, ile majani njo imeniponyesha," anasema, hata aibu hana. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, tangu Jumanne ile.

Nimempigia kelele mpaka jirani akachungulia. Yangeweza kumuua! Kisha nikamkumbatia. Kesho nitamwomba Télesphore radhi, na uso sijui nitauweka wapi.

Lakini ni majani, au ni kuacha diklo? Sijui. Nimemwambia asinywe tena, Jumamosi tupime damu.

"Na nikirudia kuumwa, mama? Utajisikia aje?"

Akaingia chumbani, akarudi na daftari lake la zamani la stesheni. Yote yamo! Tarehe, saa, vijiko vingapi vya majani, maji kiasi gani, amekojoa mara ngapi. Hajaruka hata siku moja. Panya wangu sijawahi kuwaandika vizuri hivi.

Nimesoma mara mbili. Mstari wa mwisho ni wa leo: Jumatano, saa 18.10. Sehemu ya vijiko ameniachia wazi. Birika linachemka, Papa amekaa mbele yangu. Ameniwekea kalamu yake ya bic juu ya daftari.